Mafua ya paka: aliyepona ndio wa kumuangalia sana

Wafugaji wengi tuna paka shambani kwa ajili ya panya, wawili watatu ghalani, wengine wanalala bandani na ng'ombe, na hawa ndio mifugo wanaosahaulika kabisa kwenye mambo ya afya. Ng'ombe akikohoa simu inapigwa, kuku wakizubaa mtu anakimbilia duka la dawa, ila paka akipiga chafya wiki nzima tunasema ni vumbi la ghalani. Mwezi unaofuata watoto wa paka wote macho yameganda usaha, mmoja kafa, mwingine hanyonyi, ndio maswali yanaanza.

Sasa tuelewane kwanza, mafua ya paka sehemu kubwa yanaletwa na virusi wawili. Wa kwanza ni hapesi ya paka, wa pili anaitwa kalisi. Wapo na bakteria wanaodandia hapo hapo, kama bodetela na klamidia, lakini mara nyingi hao wawili ndio wanaofungua mlango. Na usiogope kwamba utaambukizwa wewe au watoto nyumbani, hapesi na kalisi ya paka haimpati binadamu, wala hapesi ya binadamu haihusiani na hii.

Ukimuangalia paka vizuri unaweza kukisia ni yupi kati ya hao wawili, japo kuwa na uhakika ni mpaka vipimo. Hapesi inapenda pua na macho: chafya mfululizo, makamasi yanayoanza mepesi kama maji alafu yanakuwa mazito ya njano, macho mekundu yanayovimba, na inaweza kuchimba kidonda kwenye kioo cha jicho. Kalisi yenyewe inapenda mdomo. Unamwekea chakula, anakuja mbio kabisa kwasababu njaa anayo, ananusa, analamba mara moja, anarudi nyuma, anajifuta mdomo kwa mguu wa mbele huku udenda unaning'inia, alafu anakaa pembeni anakiangalia chakula. Huyo hajakataa kula, ulimi una vidonda. Wengine wanachechemea siku mbili tatu, leo mguu huu kesho ule, mtu anadhani kapigwa kumbe ni virusi hao hao.

Hapo kwenye udenda nisisitize kitu kimoja, paka ambaye hajachanjwa kichaa cha mbwa, anatoa udenda na tabia imebadilika, anavamia au anajificha kwa namna usiyoizoea, usimtie vidole mdomoni kutafuta vidonda. Mfungie asitoke na umpigie daktari wa mifugo.

Dalili zinaanza siku 2 mpaka 10 toka alipoambukizwa na paka mzima mwenye afya mara nyingi anapona ndani ya wiki moja mpaka tatu. Hapa ndipo penye shida yenyewe, na ndio maana nimeandika yote haya. Paka akishapona tunafunga faili, wakati virusi hajaondoka. Hapesi inajificha kwenye mishipa ya fahamu ya kichwani na kwa paka walio wengi inakaa humo maisha yake yote, imelala tu, siku akipata msukosuko inaamka na anaanza kuimwaga tena kwenye makamasi na machozi, wakati mwingine bila hata chafya moja ya kukushtua. Msukosuko wenyewe ni vitu vya kawaida kabisa: kuhamishwa banda, kuletwa paka mgeni, kuzaa na kunyonyesha, ugonjwa mwingine, au kupewa dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe zinazoshusha kinga ya mwili. Kalisi yeye halali, paka aliyepona anaweza kuendelea kumwaga virusi kwa wiki, miezi, na wachache miaka, kila siku, huku anaonekana mzima wa afya.

Kwahiyo ukiona kila uzao wa paka yule yule watoto wanaanza chafya wakifika wiki ya tano au ya sita, usitafute mchawi, angalia mama. Kinga waliyoipata kwenye maziwa ya mwanzo inapungua, mama kachoka na kunyonyesha anamwaga virusi, na anawalamba usoni kutwa. Mama kama huyo mtenge pamoja na watoto wake, wasichanganyike na uzao mwingine hata kidogo, na muulize daktari kama watoto waanze chanjo mapema. Na mama mwenyewe afungwe kizazi, kuendelea kumzalisha ni kuzalisha ugonjwa.

Chanjo ipo na ndio msingi. Ni ile ya tatu kwa moja, hapesi, kalisi, na ule ugonjwa mkali wa kuhara na kutapika unaomaliza watoto wa paka. Inaanza wiki ya 6 mpaka ya 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi kidogo. Kurudia huko sio biashara ya daktari, ni kwasababu kinga ya mama inaweza kuizima chanjo na hakuna anayejua itaisha lini kwa kila mtoto. Baadae anapewa nyingine akikaribia mwaka, alafu daktari atapanga, wanaoishi wengi pamoja mara nyingi kila mwaka. Ila ujue inavyofanya kazi, haizuii kabisa maambukizi, inafanya ugonjwa uwe mwepesi, kwahiyo paka aliyechanjwa akipiga chafya chache usiseme umeuziwa maji. Na haimfukuzi virusi aliyekwisha kuingia.

Paka mgeni, hata kama anang'aa manyoya, akae peke yake wiki 3. Kwanini tatu, kwasababu ule msukosuko wa kuhama unaweza kuchukua wiki nzima kabla virusi haijaanza kutoka, alafu inatoka wiki nyingine moja mpaka mbili. Ukimweka siku nne tano ukaona hana kitu ukamuachia, umemuachia wakati ndio anaanza kumwaga.

Chafya inaruka kama mita moja au mbili hivi, lakini mashambani kinachosambaza zaidi ni sisi wenyewe, mikono, nguo, bakuli moja la paka wote. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, alafu nawa kwa sabuni na ubadilishe shati. Bakuli lake liwe lake, na sanduku lake la choo pia. Hapesi ni dhaifu nje ya mwili, haimalizi siku, sabuni ya kawaida inaitosha. Kalisi ni mgumu, sehemu kavu anaweza kukaa wiki mpaka mwezi, na spiriti haimuwezi vizuri kwahiyo usiitegemee. Anayemuweza ni klorini, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe tunayoita jiki. Ile ya asilimia 5 weka vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji, lakini osha kwanza kwa sabuni uchafu na mkojo wote utoke, kwasababu klorini juu ya uchafu haifanyi kazi na ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya ya kuumiza mapafu. Acha dakika 10, suuza, kausha, ndio paka arudi. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizichanganya na maji usitumie kabisa palipo na paka, nyingi ni sumu kwake, anakanyaga alafu analamba miguu.

Kumtunza mgonjwa kazi kubwa ni pua na chakula. Paka asiponusa hali, na asipokula siku mbili tatu, hasa mnene, ini linaanza kujaa mafuta na hilo linaua kuliko hata mafua yenyewe. Chemsha maji nusu lita na kijiko cha chai kimoja cha chumvi, yapoe yawe vuguvugu, chovya pamba safi, iwekee juu ya jicho lililoganda isubiri kidogo ilainike, ndio ufute kutoka kona ya ndani kwenda nje, usibandue kavu kavu. Jicho la pili pamba nyingine. Pua hivyo hivyo. Mweke kwenye chumba kidogo chenye mvuke wa maji moto dakika 10 hivi, bila kuweka chochote kwenye maji, nasema hivi kwasababu watu wanatia mafuta ya mkaratusi au ile dawa ya kupaka kifua, na vyote hivyo vinamdhuru paka. Chakula kiwe laini, cha vuguvugu, chenye harufu kali, samaki mara nyingi anamshawishi.

Alafu jamani, panadol hapana. Hata kidonge kimoja kinaua paka. Antibayotiki haiui virusi, daktari anaitoa pale usaha ukizidi maana bakteria wamedandia, na vidonge vya doksisaiklini visipofuatiwa na maji au chakula vinakwama na kuunguza koo la chakula, kwahiyo ukimpa kidonge mpe na maji kwa bomba la sindano. Dawa ya macho yenye steroidi usiweke kwa kubahatisha, kama kuna kidonda cha hapesi jicho linaweza kutoboka. Kwa hapesi kali ipo dawa ya vidonge ya virusi inaitwa famsaikloviri, hiyo ni ya daktari.

Wenye ng'ombe wa maziwa na kuku mna la ziada. Mwaka 2024 huko Marekani, mafua ya ndege ya H5N1 yaliingia kwenye ng'ombe wa maziwa, na paka waliokunywa maziwa mabichi ya hao ng'ombe waliugua vibaya, wakapofuka, wakayumba, wengi wakafa. Maziwa ya paka yachemshwe, na kuku au ndege aliyekufa asitupiwe paka. Hii ndio inayoweza kumpata na binadamu, paka wakianza kufa ghafla penye ndege wanaokufa usiwashike kwa mikono mitupu, toa taarifa kwa idara ya mifugo.

Usisubiri ukiona paka anahema mdomo wazi, jicho limefunga au limekuwa na ukungu, uso au miguu imevimba, mtoto hajanyonya au hajala siku nzima, mkubwa siku mbili. Piga simu kabla ya kwenda, sema una paka wa mafua, mpeleke kwenye boksi lililofunikwa kitambaa na msubirie nje mpaka muitwe, maana ndani kuna watoto wa paka wa watu waliokuja kwa chanjo yao ya kwanza.