Bledi ya trekta isiyong'ata udongo mkavu

Haidroliki (mfumo wa mafuta unaoinua zana) ya trekta nyingi huinua tu, haikandamizi. Kwa hiyo bledi ya nyuma, kisu kipana cha kusawazishia njia, hushuka kwa uzito wake, na kwenye njia iliyoshindiliwa huteleza juu juu.

Kati ya mikono mitatu inayoshika bledi kwenye trekta, refusha ule wa juu wa katikati mpaka makali yaelekee mbele, kama jembe linavyoingia. Ukiufupisha, makali hurudi nyuma na kukwangua tu. Kisha shusha mkono mmoja wa chini kwa skrubu yake, ili kona moja ibebe uzito wote. Kona ikishaingia, pita mara kadhaa kwa gia ya kwanza, ukikwangua kina cha sentimita 2 au 3 kila safari.

Bado inaruka? Tazama makali: yakiwa butu, yageuze au yabadilishe. Ongeza uzito, kama mawe, ufungwe imara. Mvua ya juzi, kwa kulainisha udongo, husaidia kuliko mawe hayo.

Upande wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye uwanda (ardhi ya mawe ya matumbawe), nenda taratibu: jiwe la matumbawe hukata bolti.