Somo: Kutia kadi ya grafiki kwenye kompyuta ya mezani ya zamani

Assalaam alaykum ndugu na dada zangu. Somo hili limeombwa sana, na nimeliandika kwa mashine tulizo nazo wengi hapa Mombasa: Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP Elite 8300, HP EliteDesk 800 G1 na jamaa zao, zile zilizokuja kutoka Uingereza baada ya kutumika ofisini. Ni mashine imara. OptiPlex 7010 ilitoka mwaka 2012, na hadi leo ukiitia SSD (diski ya kasi) na RAM ya gigabaiti 8 itafanya kazi za ofisi bila kukusumbua. Inapokwama ni kwenye picha: gemu, video za harusi, ramani za nyumba, michoro ya 3D kwa programu ya Blender. Grafiki ya ndani ya prosesa i5-3470, inayoitwa Intel HD 2500, haina kumbukumbu yake. Hula RAM ya mashine.

Kadi ya grafiki hutatua hilo. Ila kanuni ninayoisimamia ni moja: kadi ifuate mashine. Wengi huanza na kadi kwa sababu imepatikana rahisi au rafiki anaisifu, halafu wakifika nyumbani haiingii kwenye kasha, au inaingia na pawa saplai haina waya wa kuilisha. Anza na kasha, kisha pawa saplai, kisha sloti, ndipo uende dukani.

Hatua ya 1: Lijue kasha lako

Jina "OptiPlex 7010" peke yake halitoshi, maana liliuzwa kwa maumbo kadhaa. Kuna lile refu la kusimama, ambalo huingia kadi ya kimo cha kawaida. Kuna lile jembamba linaloitwa SFF, ambalo hukubali kadi fupi tu, zenye bati la nyuma la nusu kimo. Na kuna lile dogo kabisa la USFF, ambalo kwa kadi ya grafiki lisahau.

Fungua kifuniko na upime kwa rula kutoka bati la nyuma hadi kwenye kizimba cha diski. Andika urefu huo kwenye simu. Kwenye SFF angalia pia upana, kwa sababu kadi yenye feni nene huchukua nafasi ya sloti mbili na inaweza kugonga pawa saplai. Kadi nyembamba ya sloti moja ndiyo salama humo.

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha pawa saplai

Hapa ndipo pa kutulia. Pawa saplai ya 7010 lile kasha refu ni ya wati 275. Ya SFF ni wati 240. Si nyingi, lakini zinatosha ukichagua vizuri. Sloti ya PCI Express ya x16, ile ndefu inayochomekwa kadi ya grafiki, inaruhusiwa kutoa hadi wati 75. Kadi isiyozidi hapo haihitaji waya wa ziada. Kadi yenye tundu la pini 6 inaweza kuomba wati 75 nyingine, na la pini 8 wati 150. Pawa saplai za mashine hizi za ofisi kwa kawaida hazina waya hizo kabisa.

Piga hesabu: i5-3470 imekadiriwa wati 77, kadi wati 75, diski na feni na RAM tuseme 40. Hujafika 200. Kwa wati 275 unapumua. Sasa weka kadi ya RX 580, ambayo peke yake ni kama wati 185, uone hesabu inavyokwenda mrama.

Utauziwa adapta ya kugeuza plagi ya SATA kuwa pini 6. Tafadhali usiinunue. Plagi ya SATA imetengenezwa kwa ajili ya diski, na kwenye volti 12 uwezo wake ni kama wati 54. Ukiivutisha 75 kwa saa nzima, plastiki huyeyuka, na moto huanzia ndani ya kasha ambalo hakuna anayelitazama.

Kwenye SFF kuna jambo jingine: watengenezaji wengine huweka ukomo chini ya wati 75 kwenye sloti ya kasha dogo. Tazama kitabu cha mashine kwenye tovuti ya Dell au HP kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 3: Chagua kadi

Kwa kasha refu, chaguo langu ni GTX 1650 ya gigabaiti 4, ya mwaka 2019. Ni ya wati 75. Angalia sana, kwa sababu baadhi ya viwanda viliiwekea tundu la pini 6; wewe tafuta isiyokuwa nalo. Ikikosekana, GTX 1050 Ti ya 2016, nayo gigabaiti 4 na wati 75, bado inafaa. Tofauti ni hii: kadi za mfululizo wa GTX 10 ziliacha kupata draiva mpya za gemu (draiva ni programu inayoiendesha kadi) Oktoba 2025, na NVIDIA, kampuni yenye chipu hizo, imesema zitabaki na masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1650 haimo kwenye kundi hilo.

Kwa SFF, kuna GT 1030 ya wati 30, Quadro P400 ya wati 30 na Quadro P620 ya wati 40. Hizo Quadro ni fupi na nyembamba, ila matundu yake ni ya mini DisplayPort, kwa hiyo weka adapta kwenye bajeti. Na GT 1030 iko ya aina mbili kwa jina moja: yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4. Ya DDR4 hupitisha data chini ya nusu ya mwenziwe. Muuzaji akisema "zote sawa", mwambie asome boksi.

Hatua ya 4: Ikague kabla ya kulipa

Kadi hainunuliwi kama leso, kwa kutazama rangi na maandishi. Kuna kadi bandia zinazozunguka: chipu ya zamani ya GTS 450 au GTX 550 Ti, za 2010 na 2011, imeandikwa upya BIOS yake (programu ya msingi iliyo ndani ya kadi) ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows nayo huamini jina hilo. Dalili ya kwanza unaiona kwa macho: kadi ina tundu la VGA, lile la buluu la pini 15. GTX 1050 Ti halisi haitoi ishara ya VGA hata kidogo. Ukiliona tundu hilo, rudisha kadi mezani na uage kwa heshima.

Dalili ya pili ni ya programu. Omba kadi iwekwe kwenye mashine ya duka, fungua GPU-Z. Tangu 2018 programu hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi nyingi za namna hiyo. GTX 1050 Ti ya kweli huonyesha chipu GP107. GTX 1650 za mwanzo huonyesha TU117. Kisha omba FurMark, programu ya kuichosha kadi, iendeshwe kwa dakika kumi. Tazama skrini: vidoa vya rangi, mistari, au picha kuganda ni kadi mgonjwa. Sikiliza feni. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia, na M-Pesa itumwe baada ya hapo.

Kwetu pwani kuna ukaguzi wa tatu. Igeuze kadi utazame meno yake, ile safu ya dhahabu inayoingia kwenye sloti, na mapezi ya kupozea chini ya feni. Hewa ya chumvi hufanya kazi polepole: skrubu za bati la nyuma hushika kutu, shaba hutoa ukungu wa kijani pembezoni. Kutu ya skrubu haina neno. Meno yenye vidoa vyeusi yasafishe kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Lakini ukijani ukiwa umeingia kati ya miguu ya chipu kwenye bodi, acha.

Hatua ya 5: Kuifunga

Hii ndiyo sehemu watu huiogopa, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Hifadhi kwanza nakala ya faili zako. Sasisha BIOS ya mashine, programu ya msingi ya bodi, hadi toleo la mwisho kutoka tovuti ya mtengenezaji, siku ambayo umeme umetulia. Ukikatika katikati ya zoezi hilo, bodi inaweza kufa. Kama una UPS, ile betri ya dharura, itumie.

Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Puliza vumbi kwa blowa, ukiwa umeshika feni kwa kidole isizunguke. Kwenye 7010 refu utaona sloti mbili ndefu zinazofanana. Ya buluu ndiyo x16 kamili. Nyeusi ina umbo lilelile lakini imeungwa kwa njia nne tu za data badala ya 16. Kadi iingie kwenye ya buluu.

Ondoa kibati cha nyuma, shika kadi kwa kingo, isukume sawasawa hadi usikie klik ya kishikizo. Funga kishikilio cha nyuma. Kisha waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la bodi.

Hatua ya 6: Draiva na joto

Windows ikifunguka, picha itakuwa kubwa na mbaya, ni kawaida. Pakua draiva kutoka NVIDIA au AMD wenyewe. Kama kulikuwa na kadi nyingine zamani, safisha draiva zake kwanza kwa DDU, programu ya kufuta draiva. Baada ya hapo cheza au hariri kwa nusu saa huku ukitazama joto. Wakati wa kaskazi chumba kisicho na AC hupita nyuzi 30, kwa hiyo kadi kukaa kwenye 70 na kitu si ajabu. Ikikaribia 85, badilisha pesti ya kupozea, na usogeze kasha kutoka ukutani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Likoni: Kaka, shukran kwa somo. Mimi nahariri video za harusi kwa DaVinci Resolve, nina 7010 refu. Fundi aniambia GT 1030 yatosha. Ni kweli?

Jibu: Kwa kazi hiyo haitoshi, ndugu yangu. GT 1030 ina gigabaiti 2 tu, na haina ile saketi ya NVENC inayoharakisha kutoa video iliyokamilika. GTX 1650 inayo. Na kabla hujanunua hata hiyo, hesabu RAM yako. Resolve kwenye gigabaiti 8 itakutesa na kadi yoyote. Fika 16.

Mwanachama wa Bamburi: Nimefunga 1050 Ti kwenye HP 8300, feni yazunguka lakini skrini nyeusi na mashine yapiga milio. Kadi imekufa?

Jibu: Usiihukumu bado. Itoe na uiingize upya, kwani mara nyingi upande mmoja haujashika. Hakikisha monita iko kwenye kadi. Ikikataa, itoe, washa kwa grafiki ya ndani, usasishe BIOS, kisha uirudishe. Mwisho, ijaribu kwenye mashine ya mwenzio. Ikiwaka huko, tatizo liko kwenye HP yako.

Mwanachama wa Changamwe: Mwanangu wa kidato cha tatu ataka kadi kwenye OptiPlex 9020. Nimeambiwa lazima ninunue pawa saplai mpya. Mimi mama yake sijui la kufanya.

Jibu: Mama, subiri kwanza kutoa pesa. Bodi ya 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Ina ya pini 8 ya Dell wenyewe. Pawa saplai ya dukani haitaingia bila adapta maalumu. Ile iliyomo kwenye kasha refu ni ya wati 290 na inaibeba GTX 1650 isiyo na tundu la waya. Muulize kijana kama kasha ni refu au jembamba, kisha unijibu hapa.

Mwanachama wa Mji wa Kale: Monita yangu ni ya zamani, ina VGA tu. Nitupe?

Jibu: Usitupe. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye saketi ndani. Waya mtupu wenye HDMI huku na VGA huku, bila saketi, hautafanya kazi.

Mwanachama wa Tudor: Niko chuo, nimeona RX 6400 fupi, wati 53, mpya kabisa. Kwa nini hukuitaja?

Jibu: Kwa sababu ya mashine zetu. RX 6400 ya 2022 hutumia njia nne tu za PCI Express, na ilipangiwa kizazi cha nne cha PCI Express. Prosesa za Ivy Bridge kama i5-3470 ni kizazi cha tatu, kwa hiyo njia inabanwa nusu. Zile za kabla yake, Sandy Bridge kama i5-2400, ni cha pili, hubaki robo. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu huanza kukwaruza. Isitoshe haina saketi ya kuharakisha kutoa video iliyokamilika, kama ile NVENC. Kwa SFF ya gemu tu bado yaweza kukufaa, ila ipime upana kwanza.

Mwanachama wa Mtwapa: Na token je? Nahofia stima.

Jibu: GTX 1650 ikifanya kazi kwa nguvu zote ni kama wati 75. Kijana akicheza saa nne, hiyo ni 0.3 ya yuniti kwa siku kwa ajili ya kadi. Ukiandika barua tu, hushuka hadi wati chache. Monita kubwa ya zamani inaweza kukulia zaidi ya hapo.