Kumwaga slabu ya ghorofa: hesabu huanzia kwenye mirunda

Slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya mita 10 kwa 8, unene milimita 150, inameza zege mita za ujazo 12. Kwa kilo 2,500 kila mita ya ujazo, nondo zikiwemo, hizo ni tani 30 zinazopandishwa siku moja, na siku hiyo zege halijibebi hata kidogo. Mzigo wote uko juu ya mbao na mirunda, yaani nguzo za miti zinazoishikilia kwa muda. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Chanzo cha kila ajali ni suala la uchunguzi wake, lakini jengo linaloendelea kujengwa lina udhaifu ambao jengo lililokamilika halina, na sehemu kubwa ya udhaifu huo inaweza kukaguliwa kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Mirunda na propu

Piga hesabu ya mita moja ya mraba: zege kilo 375, mbao za kufungia kama kilo 50, mafundi, karai na vifaa kilo 150. Jumla kilo 575. Mirunda ikipangwa kila milimita 900 pande zote mbili, kila mmoja unabeba takriban kilo 466. Ukiitanua hadi mita 1.2 ili kuokoa fedha, kila mmoja unabeba kilo 828. Kwa mirunda ya miti shika milimita 900. Slabu yetu ya mfano itahitaji 120 hadi 130, na chini ya bimu (mihimili ya zege inayobeba slabu) iongezwe, kwa kuwa pale zege ni nene zaidi. Nafasi ya mita 1.2 waachie wenye propu za chuma, yaani nguzo za muda zinazorefushwa kwa pini, nayo ithibitishwe na mhandisi.

Mrunda haukatiki kwa kubondeka. Unapinda katikati kisha unaruka pembeni. Kwa hiyo funga mbao za mlalo katikati ya kimo, pande zote mbili, halafu mbao za mshazari kutoka juu hadi chini. Ukifupisha kwa nusu urefu usioshikwa, uwezo wa mrunda kuhimili kupinda unaongezeka mara nne. Hakuna kazi nyingine kwenye saiti yenye faida kubwa hivyo kwa misumari na mbao chache, na ndiyo inayorukwa mara nyingi fundi akiwa na haraka.

Kataa mrunda uliopinda, wenye ufa, au wenye kipenyo chini ya milimita 75 upande mwembamba. Kitako kikae juu ya ubao mpana wa inchi 2 kwa 8, kamwe kisikae juu ya tofali au udongo mtupu. Mvua ya usiku mmoja inatosha kulainisha ardhi na mrunda ukashuka. Kimo kirekebishwe kwa kabari mbili zinazopishana, zilizopigwa misumari zisiteleze. Kwenye propu za chuma, angalia pini: iwe ile iliyokuja nayo, si kipande cha nondo, kwa sababu mzigo wote wa propu unapita kwenye pini hiyo.

Nondo za juu

Nondo za chini wengi huzipanga vizuri. Tatizo ni za juu, zile zinazopita juu ya bimu na kwenye vibaraza vinavyoning'inia. Vibarua wakizikanyaga zikashuka milimita 40, kina kinachofanya kazi, yaani kutoka nondo hadi uso wa chini wa zege, kwenye slabu ya milimita 150 kinapungua kutoka takriban milimita 120 hadi 80, na theluthi ya nguvu imepotea bila mtu kuona. Ziinue kwa viti vilivyokunjwa kwa nondo kila mita moja, na weka mbao za kupitia ili mtu asikanyage chuma. Za chini ziwekewe biskuti za zege za milimita 25, vipande vya kuziinua kutoka kwenye mbao. Kokoto haifai kazi hiyo.

Kuchanganya

Kwa zege la daraja la 25 (nguvu ya niutoni 25 kwa milimita ya mraba siku ya 28), uwiano wa 1:1.5:3 wa saruji, mchanga na kokoto ndio unaotumika sana, takriban mifuko 8 kwa mita ya ujazo, yaani 96 kwa slabu hii, agiza 102. Mfuko wa kilo 50 ni lita 35, kwa hiyo tengeneza boksi la ndani milimita 400 kwa 350 kwa 250 na upime kwa hilo. Koleo si kipimo. Maji ni lita 25 kwa mfuko, na uyapunguze mchanga ukiwa na unyevu. Kuongeza lita 10 ili zege liteleze kunaweza kupunguza nguvu kwa theluthi au zaidi. Pima mdidimio, yaani zege linashuka kiasi gani koni ikiinuliwa, kwa koni ya milimita 300, ijazwe kwa tabaka tatu, kila tabaka ichomwe mara 25 kwa fimbo ya chuma. Ushukaji wa milimita 75 hadi 100 unafaa. Tengeneza miche sita ya zege (vipande vya mraba vya kupima nguvu) ya milimita 150 kila upande: mitatu ipimwe siku ya 7, mitatu siku ya 28.

Siku ya kumwaga

Anza alfajiri. Mtu mmoja abaki chini akiangalia mirunda na kabari, akiwa na amri ya kusimamisha kazi. Hakuna mwingine wa kupita chini ya slabu. Zege lisirundikwe: rundo la kimo cha mita moja ni kilo 2,400 kwa mita ya mraba, zaidi ya mara nne ya mzigo uliokadiriwa. Lisambazwe papo hapo. Vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikane, izamishwe wima kila milimita 450 kwa sekunde 10 hadi 15, isitumiwe kusukumia zege. Mashine ikiharibika, simamisha umwagaji kwenye theluthi ya katikati ya upana kati ya bimu, kwa ubao wima. Uso ukishakaza, funika kwa magunia na uyaweke yakiwa mabichi siku 7, usiku na mchana.

Kufungua

Mbao za pembeni mwa bimu zinaweza kutoka baada ya saa 24. Mirunda ya slabu isubiri siku 14 na ya bimu siku 21, na hata hapo mhandisi aone kwanza majibu ya miche. Ukimwaga ghorofa inayofuata, acha mirunda kwenye ghorofa mbili zilizo chini, ikilingana wima, maana slabu changa haiwezi kubeba peke yake tani 30 za slabu ya juu yake.

Anza kuondoa katikati ya upana ukielekea kwenye bimu. Ukianzia pembeni na kuacha mrunda wa katikati, slabu inabetuka juu ya mrunda huo mahali ambapo haina nondo za juu, na inapasuka. Kibaraza kinachoning'inia ni kinyume: anza kwenye ncha, rudi ukutani. Kipewe siku 21 kamili, na nondo zake za nyuma ziwe tayari zimekandamizwa na slabu iliyokomaa kabla ya kulegeza kabari ya kwanza.