Bergenia: kupata majani mekundu wakati wa baridi

Bustani za Ulaya zikishanyauka mwezi Desemba, bergenia, mmea wa maua wa bustanini, ndiyo kwanza inavaa rangi. Majani yake mapana na manene kama ngozi hugeuka rangi ya damu ya mzee, na ukiyasugua kwa vidole yanalia. Asili yake ni Siberia na milima ya Himalaya, kwa hiyo nyuzi 20 chini ya sifuri haziitishi.

Lalamiko la kawaida ni kwamba mmea umestawi lakini umebaki kijani. Wekundu huletwa na usiku wa baridi kali pamoja na jua la mchana. Ukiuficha kivulini au ukiushibisha samadi, utapata majani makubwa ya kijani, basi. Tena si kila aina hugeuka; 'Bressingham Ruby' na 'Eroica' hazina ubishi. Ununue wakati wa baridi, rangi uione kwa macho.

Panda Machi na Aprili, au Septemba. Lima sentimita 20, changanya ndoo moja ya mboji kwa kila mita ya mraba, na mbolea ya chumvichumvi iache dukani. Miche sita inatosha eneo hilo, ikiachana sentimita 40. Shina nene lilale chini ya udongo, majani tu yabaki juu. Kiangazi cha kwanza mwagilia mara moja kwa wiki, maji yazame. Baada ya hapo hujitegemea, ila mahali panapotuama maji shina huoza.

Baada ya miaka minne au mitano mashina hutoka juu ya ardhi, yakabaki kama shingo tupu zenye kishungi cha majani nchani. Maua yakiisha, ng'oa, kata vipande vya sentimita 15 vyenye kishungi, uvizike upya mpaka shingoni. Kipande kizee kisicho na jani tupa.

Ukiona kingo za majani zimeng'atwa vipande vya nusu duara, ni fukusi mweusi, anayekula usiku. Huyo anachafua sura tu. Wa kuogopwa ni watoto wake, funza weupe wenye kichwa cha kahawia, wanaotafuna mizizi, hasa kwenye vyungu. Mmea ukilegea ghafla ilhali udongo una maji, uchomoe utazame chini.

Mwezi Machi vuta kwa mkono majani yaliyokauka. Usifyeke yote; mazima ndiyo yanayolisha maua yanayokuja.