Umemaliza kitabu, sasa uandike nini kabla hujakisahau

Wifi yangu alikuja toka Muheza na kapu la machungwa, akakaa pale kwenye benchi la wateja, akakiona kitabu juu ya cherehani, akaniuliza, "Wifi, hiki kinahusu nini?" Nkamwambia kizuri sana. Akasema haya, kizuri nimesikia, kinahusu nini? Nkamwambia we kisome tu utaona. Akacheka, akakirudisha pale pale, akaendelea kumenya chungwa lake. Na kitabu chenyewe nilikuwa nimekimaliza wiki mbili tu nyuma, nimelia nacho, nimeunguza wali kwa ajili yake, halafu naulizwa swali moja naishiwa maneno yote nimebaki na kizuri.

Basi jioni nilipofunga kiofisi changu cha kushonea hapa Ngamiani, Tanga, nikapitia duka la vifaa vya shule nikanunua kaunta buku la kwaya mbili, lile lenye kava gumu, sio daftari la kawaida maana madaftari ya kawaida kwangu watoto wanayageuza karatasi za hesabu. Huu mwaka wa tatu naandika humo kila kitabu ninachosoma, na watu wameniuliza naandikaje, ndo nimeamua niwaelekeze, ila mimi fundi nguo sio mwalimu wa fasihi, kwa hiyo vumilieni.

Cha kwanza kabisa, andika usiku ule ule uliomaliza. Usiseme kesho. Kesho utakuwa umeshaongea na watu ishirini na kitabu kimeshaanza kuchuja kama kitenge cha bei rahisi, unakumbuka kava na jina la mhusika mmoja basi. Mi naandika hata mistari mitano kitandani na tochi ya simu, mwandiko unakuwa kama kuku kapita lakini asubuhi nikiusoma kitabu chote kinarudi.

La pili ndo linalowashinda wengi: usianze na muhtasari. Shule ilituharibu hapo. Tulifundishwa ukishika kitabu ni wahusika, mandhari, dhamira, fani na maudhui, na mtihani ulikuwa unataka hivyo hivyo, sawa, lakini wifi yako akikuuliza kwenye benchi huwezi kumwambia dhamira kuu ni ujenzi wa jamii mpya, atachukua kapu lake aondoke. Anza na kitu kimoja kilichokung'ang'ania. Kimoja tu. Sura ya mtu, chumba, neno alilosema mtu, hata harufu.

Ngoja niwaonyeshe kwenye buku langu. Mwaka wa kwanza niliisoma tena Kusadikika ya Shaaban Robert, ambaye ni wa kwetu, kazaliwa Vibambani hapa hapa Tanga 1909, na shuleni nilikuwa nimeisoma kwa kukariri tu. Nilichoandika mara ya kwanza ni hiki: "Kitabu kinaelezea nchi iliyo angani ambayo ina uongozi mbaya." Si uongo, ila mstari huo angeweza kuuandika mtu ambaye hajakifungua, kasoma tu nyuma ya kava. Nikaufuta, nikaandika: "Karama kashtakiwa, roho yake iko mikononi mwa watu waliokwisha mchukia, na badala ya kujililia anasimama kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kabla yake. Ningekuwa mimi ningelia tu. Na huyo Majivuno anayemshtaki namjua, nimeshamshonea suti." Sasa hapo hata mimi nikisoma leo najua nilikuwa wapi na nilijisikiaje. Namjua kweli huyo Majivuno, mteja mmoja hivi, alinilipa nusu mpaka leo, tuyaache.

Baada ya hicho kimoja ndo unaongeza mistari miwili mitatu ya kitabu chenyewe, kimetoka lini, kipindi gani, maana inasaidia. Kusadikika ilitoka 1951, Mwingereza bado yupo, ukishajua hivyo unaelewa kwa nini mtu aipandishe nchi nzima angani ndo aseme anayotaka kusema. Shuleni tuliambiwa hilo lakini lilipita juu juu, ukubwani ndo nimeliona, kwamba yule baba alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo na bado akaandika.

Halafu kila aina ya kitabu ina namna yake, usitumie tepu moja kupimia nguo zote.

Vya upelelezi ndo ninavyovipenda kuliko vyote na ndo vigumu kuviandikia, kwa sababu utamu wake uko mwishoni na mwishoni ndo hutakiwi kusema. Nilishaharibu. Nilikuwa nasoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ile iliyochapwa 1960 yenye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum, nimenogewa, binti ninayemfundisha kushona akaniuliza umefika wapi dada, mdomo wangu huu nikamtajia mpaka muuaji. Na yeye alikuwa anangoja nimalize akichukue! Alininunia mpaka saa kumi, vifungo vya sare za watu kavishona upande wa kushoto vyote, sijui makusudi sijui hasira.

Toka hapo nina utaratibu. Nikisoma cha upelelezi nasimama katikati, kitabu cha kurasa mia mbili nasimama kama mia, naandika namshuku nani na kwa nini. Ukimaliza unarudi unaandika nilipatia au nilikosea, na kama nilikosea nilidanganywa na nini, bila kumtaja mtu. Kwa mfano kwangu imeandikwa, "Nimemshuku mtu kwa sababu simpendi anavyoongea, sio kwa sababu kafanya kitu." Hilo linatosha kumwambia mwenzio kwamba mwandishi anajua kuchezea macho ya msomaji, na mwenzio bado ana kitabu chake kizima. Na Bwana Msa ukimwangalia vizuri hana haraka, watu wote wanasema ni mizimu, yeye anavuta kiko chake anauliza vitu vya kawaida kabisa. Hicho ndo kilichonikaa mimi, sio muuaji.

Mashairi na tenzi, hapo usiandike kitu kabla hujasoma kwa sauti. Kwa macho peke yake utakuwa unakagua vina tu. Utenzi kila kipande mizani nane, unaenda mbio kama cherehani ikishika kasi, shairi la mizani kumi na sita lina kituo katikati unavuta pumzi, na hiyo pumzi huisikii ukisoma kimya. Mwaka jana niliusoma Utenzi wa Mwana Kupona, ule alioutunga 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, nausoma uani usiku nikidhani niko macho peke yangu, kumbe mama mkwe yuko dirishani ananisikiliza. Nikakosea neno akalisahihisha toka ndani gizani! Yeye hakusoma shule lakini beti nyingi anazo kichwani, alifundishwa na bibi yake. Kikawa ndo kikao chetu, mimi nasoma, yeye ananirekebisha, maneno mengi pale ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, mimi yananipiga chenga.

Na tuligombana, tena vizuri tu. Kule anakomwelekeza binti namna ya kumtunza mume mimi kulinikaba, nikaandika wazi kwenye buku kwamba hapa sikubaliani, mume wangu kitanda anatandika mwenyewe. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, we unamsikia mke anaamrishwa, mimi namsikia mama mgonjwa anayejua hatakuwepo." Nikanyamaza. Maana kweli Mwana Kupona alitunga akiwa anaumwa na hakukaa sana akafa. Nikayaandika yote mawili, langu na lake, na lake nikaliwekea mstari chini. Kwa hiyo ukisoma na mtu, maoni yake yaandike kwa jina lake, usiyachanganye na yako ukajifanya umefikiria mwenyewe.

Tamthilia ndo rahisi, gaweni sehemu msome kwa sauti. Tulisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kiofisini watu wanne siku ya mvua hakuna wateja, muuza kahawa akapewa sehemu ya Kinjeketile mwenyewe kwa sababu ana sauti nzito. Vita vya Majimaji kila mtu anavijua, 1905, maji, risasi, lakini kitabu kinamuonyesha huyo bwana akiwa na wasiwasi na maneno yake mwenyewe na hilo shuleni lilinipita kabisa. Niliandika mstari mmoja tu, "Muuza kahawa alisimama kusoma akashindwa kumalizia sentensi." Sihitaji zaidi.

Wasifu jiulize anayesimulia anampenda kiasi gani anayesimuliwa, na wapi kapita haraka. Shaaban Robert huyo huyo kaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke kaanzia kuuza vyungu akafika Bombay 1928 kurekodi nyimbo, na unamuona kabisa mwandishi anamheshimu, sasa mimi nikabaki na maswali ya umbea, walikuwa wanakula nini melini, nani alibaki na mwanawe, mambo hayo. Maswali yasiyojibiwa nayaandika nayo. Ni maoni pia.

Vya kutafsiriwa mimi nilikuwa sivipendi, nilikuwa nasema vina Kiswahili cha kwenye makopo. Halafu nikaletewa Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021, aliiandika Kiingereza, Ida Hadjivayanis kaileta kwetu. Nilifanya hivi: kila nilipokwama kwenye neno nikaweka alama ya chaki ya fundi pembeni, ile ya rangi, inafutika, usije ukatumia peni kwenye kitabu cha kuazima. Mwisho nikahesabu alama chache kuliko nilivyotegemea, na kulikuwa na kurasa nyingi nimesahau kabisa kwamba ni tafsiri, hasa zile za msafara. Mtoto Yusuf anachukuliwa na mtu anayemwita ami, anapanda treni anadhani anaenda kutembea, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Neno rehani mimi nalitumia kwa cherehani na redio, sijawahi kulisikia kwa mtoto. Nilifunga kitabu nikaenda kuwaangalia wangu walivyolala. Hivyo ndo nilivyoandika, hivyo hivyo, na nikaongeza kwamba kurasa za mwanzo zinaenda polepole, mwenye haraka atakata tamaa, asikate.

Maana kasoro nazo useme. Kama kitabu kizima ni kizuri tu basi hujasema kitu. Ila sema kasoro iko wapi, usiseme "kinachosha", sema "toka anapofika mjini mpaka harusi nililala mara mbili". Mtu akijua ulilala wapi atajipanga. Na uwe muungwana kidogo, chapa mbovu na kurasa zilizopishana sio kosa la mwandishi, hayo mlalamikie aliyechapa, mimi nilishawahi kununua kimoja kinatoka ukurasa 48 kinaingia 65 nikadhani ni mtindo wa kisasa.

Nyota sitoi. Wengine wanatoa tatu, wanatoa nne na nusu, sasa hiyo nusu nyota ni nini? Mwisho wa kila kitabu mimi naandika tu "Nampa nani", na lazima jina la mtu ninayemjua. Kusadikika nampa shemeji anayegombea uenyekiti wa mtaa. Bwana Msa nampa yeyote anayesema hapendi kusoma. Peponi nampa dada yangu ila sio akiwa mjamzito. Ukiona umekosa jina, ujue hicho kitabu bado hujakielewa au hakina mtu, na mara nyingi ukikaa na swali hilo dakika tano ndo maoni yenyewe yanakuja, kwa sababu sasa unaongea na mtu, huandiki insha. Ukurasa wa mwisho kabisa wa buku nimechora jedwali la nani kaazima nini na lini, maana Tanga ni waja leo waondoka leo, na vitabu huondoka nao.

Swali la mwisho ninaloulizwaga, vile unavyoviacha njiani je? Viandike pia, ukurasa ulioachia na sababu. Wifi aliporudi mwezi uliopita nilimpa buku lote akae nalo wakati namshonea deraa, akalisoma kama anasoma barua za watu, akachagua Bwana Msa, halafu akanyoosha kidole kwenye kitabu kimoja kinene, akauliza hiki mbona hakina "nampa nani"? Nkamwambia hicho nimesimama ukurasa wa 61 toka Ramadhani. "Kimekushinda nini?" Nikamwambia kuna mama mle ndani anaongea kama wewe. Akakichukua na chenyewe, kipande changu cha kitenge bado kiko humo kwenye 61, na ameshanitumia meseji kwamba yeye yuko 140 na huyo mama ndo mwenye akili peke yake mle ndani.