Kusoma kitabu huku unapiga pedeli

Kati ya mazoezi yote, baiskeli ya mazoezi ndiyo inayoelewana na kitabu. Ukikimbia, kichwa hupanda na kushuka kila hatua, herufi zinacheza, na wengine hupata kichefuchefu. Mashine ya kukimbilia inafaa kwa kutembea tu, kilomita 3 au 4 kwa saa, na ushike pembeni: umeme ukikatika mkanda husimama ghafla. Baiskeli ya kawaida kwenye stendi ya miguu miwili haisaidii, maana gurudumu la nyuma linazunguka hewani bila uzito, na ukiyumba stendi inateleza.

Anza na kiti. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma kabla hujamaliza sura.

Kitabu kisilale kwenye usukani. Ukikiinamia dakika 20, shingo inakaza na viganja vinakufa ganzi kwa kubeba uzito wa mwili. Kata plywood ya sentimita 30 kwa 25, pigilia kipande chembamba cha mbao chini ili kitabu kisiteleze, kisha uifunge kwenye usukani kwa mpira wa chubu kuukuu, ukingo wa juu ukikaribia usawa wa kidevu. Bana kurasa kwa vibanio vya nguo, kimoja kila upande. Kitabu kipya hujifunga chenyewe, kwa hiyo kikandamize katikati kwanza. Weka na taulo karibu: karatasi iliyolowa jasho huchanika unapofunua ukurasa.

Mbeya na Iringa, asubuhi za baridi za Juni na Julai, pasha mwili dakika 10 bila kitabu. Miwani ikishika ukungu, fungua dirisha kidogo.

Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukijikuta umerudia aya ileile, punguza uzito wa pedeli. Siku ya kujikamua, acha kitabu.

Wanaopanda mlima Loleza, Mbeya, wasikilize kitabu cha sauti kwa sikio moja. Kwenye barabara kuu ya Tunduma usivae vipokea sauti kabisa. Lori linalokuja nyuma yako unalijua kwa mlio.

Ukitaka kitabu kuhusu mabadiliko ya tabianchi, chukua *A Bigger Picture* cha Vanessa Nakate, mwanaharakati wa Uganda, kilichotoka 2021. Anaeleza alivyoanza kuandamana Kampala mwaka 2019, na alivyokatwa kwenye picha ya wanaharakati huko Davos, Uswisi, mwaka 2020. Ni simulizi, hivyo hupotezi uzi hata ukikatisha kunywa maji, na habari zake za ukame na mafuriko mkulima wa Ismani, Iringa, hahitaji kufafanuliwa. *How to Avoid a Climate Disaster* cha Bill Gates, cha mwaka huohuo, ni kizuri pia, lakini kimejaa hesabu, kuanzia tani bilioni 51 za gesijoto kwa mwaka. Hicho kisomee mezani, penseli mkononi.