Simu mfukoni, masika nje

Ukitembea Ngamiani hadi Raskazone, pale Tanga, masika hii, tia simu kwenye kimfuko cha nailoni angavu chenye zipu (si rambo, hizo zilipigwa marufuku 2019). Kamua hewa yote, funga, kisha itumbukize mfukoni zipu ikiangalia chini. Utaandika meseji juu ya nailoni hivyohivyo, maana kioo kinahisi umeme wa kidole, hakingoji kubonyezwa. Alama ya kidole ndiyo itakayokugomea, kwa hiyo kariri namba ya siri. Matone yakitapakaa juu, kioo kinajibonyeza ovyo, futa kwanza. Na muuzaji akikusifia IP67 (kiwango cha simu kuzuia vumbi na maji), hiyo ni kina cha mita 1 kwa dakika 30, maji matamu. Ya bahari hayamo.